Wanaonifuata Nikikimbia

Salamabila, Jumapili. Miezi mitatu na siku nne tangu nikuage.

Mama Asha wangu,

Nakusalimu wewe na watoto. Magoti yananiuma, lakini mbio za kilomita arobaini na mbili za hapo Kasongo lazima nizishinde. Shida ni kwamba hapa machimboni hakuna anayekimbia bure. Ukikimbia, watu wanasema umesikia dhahabu imetoka mahali. Jana alfajiri wachimbaji kumi na moja walinifuata na sururu mabegani.

"Papa Asha, iko wapi?"

"Ninafanya mazoezi tu!"

"Na sisi pia, mazoezi," mmoja akajibu, akaongeza mwendo.

Unanijua, sikubali kupitwa na mtu aliyebeba sururu. Nikakaza. Mlimani pumzi ikaniishia, nikasimama kando ya shamba la mihogo. Papo hapo wakaanza kuchimba, karibu wanikate vidole! Mwenye shamba, mama mjane, akatoka na mwiko: "We mutu, kimbia! Ondoka na watu wako!"

Nikakimbia. Kila nilipotaka kusimama niliona shamba jingine, nikawaonea huruma wenye mashamba. Hivyo nikafika mpaka mtoni, mbali kuliko siku zote. Wengine walibaki njiani, ila yule wa mazoezi alifika hatua mbili nyuma yangu, sururu begani, hata hahemi.

"Kumbe dhahabu hakuna," akasema. "Basi hizo mbio iko wapi?"

Nilimwambia Kindu, si Kasongo. Mungu anisamehe.

Nitafika nyumbani Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Niombee yule wa sururu asifike hapo.

Baba Asha