Rimiksi Zangu Zimefungwa

S.L.P. 47,
Mbinga.
14 Julai, 2025

Mpendwa Kaka Aidan,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Mtwara. Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu ni kali, na mimi nimechoka, Kaka. Nalala naamka bado nimechoka.

Uliuliza mbona huzioni tena rimiksi zangu mtandaoni. Zimefungwa. Kazi yangu unaijua: nachukua wimbo wa disko wa Ulaya unaovuma, nauongezea kasi, nauwekea ngoma za mbio na besi nzito, mtindo wanaouita dramu en besi. Ruhusa sikuomba. Wenye nyimbo wakalalamika, ukurasa wote ukafutwa, kazi ya miaka. Siwalaumu, nyimbo ni zao. Lakini tangu hapo sijatengeneza wimbo mwingine kwenye kompyuta. Nashinda shambani Mpepai na shemeji yako Hilaria tukichuma kahawa, jioni nalala kabla ya chakula mpaka ananiuliza kama naumwa.

Harusi ya mdogo wetu Agripina ilifanyika salama kule Liuli. Tulisikitika hukuweza kusafiri. Alinibembeleza nipige muziki, nikakubali shingo upande. Mchana nikaweka rimiksi moja iliyosalia kwenye kompyuta. Vijana wakaruka kidogo, wakaenda kukaa. Wazee wakawa wananitazama tu.

Shangazi Albina, aliyekuja na akina mama wenzake wanaocheza kioda, wamevaa sare nyeupe, akanisogelea.

“Huyo anayelia humo ni nani?”

“Mzungu mmoja, Shangazi.”

“Na ngoma?”

“Ngoma nimetengeneza mimi.”

“Basi mtoe huyo, tuachie ngoma.”

Nikazima wimbo, zikabaki ngoma na besi. Akina mama wakapanga mistari. Mbio zile hawakuzifuata. Walikanyaga polepole juu ya mdundo huo, wakaimba wimbo wao wa kumuaga binti, na ukakaa sawasawa. Bibi harusi akaingia mstarini na shela lake. Mimi nilikaa juu ya boksi la spika, nikaomba wasimalize upesi.

Sasa akina mama hao wanataka niwarekodi. Hilaria anasema nikiondoka, kahawa iliyoiva itaanguka chini. Nimemwambia nitateremka Liuli Jumapili na kurudi Jumatatu. Jana nilimkuta anafuta vumbi kwenye kompyuta.

Msalimie shemeji, na Masoudi jirani yako. Mungu akupe nafuu na awafunike nyote.

Mdogo wako akupendaye,
Frederick