Kufuli na Mstari wa Kisigino

Jumapili, 2 Machi

Bao lile lile tena. Nguzo ya karibu, shuti la kawaida, hata halikupinda – nami nimesimama palepale, nauona mpira unapita kati yangu na nguzo kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Halafu sauti moja jukwaani ikauliza kama kufuli limeshika kutu. Watu wakacheka, na mimi ningekuwa jukwaani ningecheka. Miaka yote hii wananiita Kufuli kwa heshima. Jana nilitamani wanisahau jina.

Tangu tumalize ukarabati na kuwekewa hizi nyasi bandia, sijamaliza mechi moja ya nyumbani bila bao la kijinga. Mkataba wangu unakwisha msimu huu. Meneja alisema wataniangalia kwanza, tutaongea baadaye. Basi wananiangalia! Na nyuma yangu yupo Ngongoti, kipa wa pili, mrefu wa kugusa mtambaa panya bila kuruka, kakaa benchi miaka mitatu bila kununa. Angekuwa mtu mbaya ningepata nafuu.

Kuondoka si neno. Kila kipa huondoka. Ila nataka nitoke kwa miguu yangu, nisisindikizwe mlangoni.

Ninachokiogopa sijamwambia mtu, hata mke wangu. Macho.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa macho. Nyumbani nimeaga kwamba napeleka njumu kwa fundi. Kofia nimeishusha mpaka puani – na kazi bure, kwa sababu daktari alinitambua kabla sijaketi. Ni mshabiki wetu. Mabao yote anayakumbuka vizuri kuliko mimi.

Akanifunika jicho moja, akanisomesha herufi. Akanifunika la pili. Akanimulika kwa kurunzi mpaka machozi yakanitoka. Jasho lilinitiririka mgongoni kuliko siku ya penalti. Mwisho akazima taa yake, akaandika kitu. Nikasema moyoni, haya, leo ndiyo leo.

“Macho yako mazima,” akasema. “Kwa yale mabao, tafuta mchawi mwingine.”

Nilitaka kumkumbatia! Nilimshika mkono, nikaung’ang’ania mpaka akaudai. Nimetembea mtaa mzima nasoma kila bango – duka la rangi, vinyozi, tangazo la chumba – kama mtoto aliyejua kusoma juzi. Mazima! Mazima!

Nilipofika kona ya nyumbani ndipo lilipokuja swali lenyewe. Kama si macho, ni nini?

Jumamosi, 8 Machi

Nyumbani tena. Tumefungwa moja bila. Nguzo ileile.

Kocha mkuu alinipigapiga begani, akapita. Angenitukana ningelala.

Jumanne, 11 Machi

Nimecheka mpaka mbavu zinauma, na goti limevimba.

Leo hatukuwa na mazoezi. Mama mkwe yuko kwetu tangu juzi, na yeye akikaa nyumba ya mtu zaidi ya siku mbili lazima ahamishe kitu. Asubuhi, mimi nikiwa naoga, yeye na mke wangu wakalisogeza kabati la sebuleni upande wa pili. Nikatoka, taulo kichwani, ninakwenda zangu jikoni kufuata chai kama kila siku – puu! Goti kwenye kona ya kabati. Nikaanguka chali katikati ya sebule.

Mama mkwe hakunipa hata pole. Aliniuliza kwa upole kabisa, “Kwani wewe baba, humu ndani huwa unatazama, au unapita kwa mazoea?”

Nikabaki palepale sakafuni. Walidhani nimevunjika. Nilikuwa nawaza mstari.

Ule mstari! Mwalimu wangu wa kwanza wa mpira ndiye aliyenifundisha: kabla ya mechi simama katikati ya goli, buruza kisigino kwenye nyasi mpaka mwisho wa boksi dogo. Huo ndio uti wa mgongo wa nyumba yako. Ukitoka, ukirudi, unatupa jicho chini, unajua nguzo ziko wapi bila kugeuka. Nimeuchora kila mechi tangu nikiwa kijana. Na kwenye nyasi bandia bado nauchora, naburuza kisigino kama kawaida – ila zile nyasi hazichoreki! Zinalala, zinainuka, basi. Wiki zote hizi natupa jicho chini, sioni kitu, miguu inajipangia yenyewe. Nimekuwa nasimama upande na sijui.

Si uzee. Si macho. Ni kabati limehamishwa!

Nikawaeleza, nikiwa bado chini. Nikajikuta nimeeleza na ya daktari. Mke wangu akaketi kwenye mkono wa kochi, akashusha pumzi ndefu. Kumbe alijua kuna jambo: siku ile ya fundi, njumu zangu zilikuwa uani, kaziona wakati anaanika nguo. Alikaa kimya akingoja niseme mwenyewe. Akasema tangu siku hiyo yeye naye halali, alidhani naficha ugonjwa mkubwa. Nikamwomba radhi. Tukashikana mikono kama watu waliotoka hospitali, mama mkwe akatuacha, akaenda kutafuta kingine cha kuhamisha.

Nimepata usingizi mchana huu. Usingizi wa kweli.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia kocha wa makipa – sisi tunamwita Mzee wa Koni kwa vile hatembei bila koni mbili kwapani. Hakucheka. Alinisimamisha golini, akanifumba macho kwa bipsi, ile fulana ya mazoezi, akaniambia ninyooshe kidole ilipo nguzo ya kushoto. Nikanyoosha. Akanifumbua. Kidole kilikuwa kinamwelekea mtunza uwanja, aliyekuwa anakunywa maji kandokando ya goli.

Akaleta kamba, akaifunga nguzo hadi nguzo, katikati akaivuta mpaka kwenye mpira. Nisimame ndani ya kamba, sawasawa. Mpira unasogezwa, kamba inasogea, nami nasogea. Kila nikisogea nigeuze shingo: kushoto, kulia. Zoezi la watoto. Niliona aibu mpaka ikaisha.

Kilichoniuma zaidi ni mwalimu msaidizi: Ngongoti. Yeye kakulia kwenye viwanja vya nyasi bandia, hajawahi kuchora mstari maishani mwake. Hugeuza shingo tu. Miaka mitatu namtania kwamba anacheza kama kuku anayevuka barabara! Leo kaniambia taratibu kwamba nageuka nikiwa nimechelewa, nigeuke kabla mpira haujapigwa. Nikafanya. Mpira wa nguzo ya karibu nikaudaka kwa mikono miwili, kifuani. Nikapiga kelele peke yangu.

Jumatano, 19 Machi

Kocha mkuu ametangaza: Jumamosi, ugenini, anaanza Ngongoti.

Haki yake. Imeniuma, nisijidanganye, imeniuma kama jino. Lakini nikijichunguza chini kabisa nakuta kitu kingine, na ni nafuu. Kama ningeachwa nikiwa sijui kosa langu, ningekwenda nalo kaburini. Sasa najua. Mtu anaweza kukaa benchi na jambo analolijua.

Ngongoti alinifuata bafuni kuniomba samahani. Nikamwambia mtu haombi samahani kwa zamu yake, na atoke, nimevua nguo.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika chooni, vyumba vya kuvalia vya timu ngeni, glavu kwapani. Ni mapumziko. Sifuri kwa sifuri.

Haraka. Kabla ya mechi nilimpasha moto Ngongoti kama yeye alivyonipasha miaka yote: kumpigia mipira, kumfuata mipira, kumpigia tena. Miguu iliniwaka. Kumbe anayechoka kabla ya mechi si yule anayecheza! Hapa nyasi ni za kweli, zina umande, na kabla sijajijua kisigino changu kimekwisha kumchorea mstari. Akauangalia, akanicheka, lakini hakuufuta.

Kacheza vizuri sana. Karibu na filimbi ya mapumziko, kona ikapigwa, akaruka na kapteni wetu akaruka, wakagongana – bega la Ngongoti likatoka. Daktari wa timu kalirudisha, ila haendelei. Kocha mkuu akanitazama, akasema neno moja tu: vaa.

Ngongoti yuko kwenye benchi la masaji, barafu begani, uso kama majivu. Nilipompita akanishika kwa mkono mzima.

“Kaka. Shingo.”

Basi.

Sasa lipo hili. Kipindi cha pili tunabadilishana magoli. Mstari niliouchora umebaki kule, na goli ninalokwenda lilikuwa la kipa wao. Yule ni mzee mwenzangu, wa shule yangu. Nilimwona mwanzoni mwa mechi: kaburuza kisigino kutoka katikati mpaka mwisho wa boksi, mrefu, mweusi, umenyooka. Upo pale unaningoja. Kocha wa makipa naye kauona, kanikonyeza.

Lakini sijui yule mzee anasimama upande gani wa mstari wake. Huo ni mstari wa nyumba yake.

Kapteni anagonga mlango, anasema hata kama ni tumbo, nitoke nalo hivyohivyo. Filimbi hiyo. Nikifika pale kwanza naufuta kwa soli, wote, mpaka kwenye chokaa, halafu nageuza shingo, kushoto, kulia, naziangalia nguzo zangu kwa macho yangu haya mazima, na –