Mama Yangu Amechaguliwa Kumvika Saropa Aliyemchukua Mwanawe

Mpendwa Bi Maisara,

Naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, na unisamehe kwa urefu wa barua maana nimeianza mara nyingi nikaichana. Mimi ni mama wa Kikalasinga, nilizaliwa Kisumu nikaolewa hapa Handsworth, Birmingham, na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya siri, Kipunjabi mtaa mzima wa Soho Road unakisikia, Kiingereza watoto wanakisikia, lakini mimi na mama yangu tukiwa na jambo zito tunafunga mlango wa jikoni tunaongea kama tulivyoongea Kisumu, na hili ni zito mpaka hata Kiswahili kinanishinda. Majina mengine nimeyabadilisha. La kaka yangu usilifiche, limefichwa vya kutosha.

Nilikuwa na kaka mmoja tu, Kuldip. Babu alipozeeka kule Punjab, Kuldip akatumwa kutoka Kisumu akaangalie shamba, akapapenda, akaoa, akakaa, na miaka ile ya tisini ilikuwa mibaya sana, polisi wanamchukua kijana shambani au nyumbani, halafu inatangazwa ati alikuwa gaidi, ati alipambana na polisi kwa bunduki akauawa, na kijiji kizima kilimwona akichukuliwa mikono mitupu. Kuldip walimchukua asubuhi akitoka kuoga, nywele bado zinadondosha maji, hawakumpa hata nafasi ya kufunga kilemba, na wewe umekaa na Makalasinga hapa Birmingham unajua kwamba mwanaume wetu kutolewa nje kichwa wazi ni sawa na kuvuliwa nguo mbele ya watu. Mke wake alikuwa mjamzito. Mama akapanda ndege kutoka Nairobi, mimi kutoka huku, tukakutana Delhi, tukaenda moja kwa moja hadi kituo cha polisi, na Mama amebeba kilemba cha Kuldip, kile cha buluu, amekikunja ndani ya mfuko wa plastiki, anamwambia mkubwa wa polisi hata kama mnamhoji, basi mhojini akiwa amefunga kilemba.

Yule mkubwa alikuwa na adabu sana, Bi Maisara. Alituagizia chai. Akasema, "Mama, mwanao hayuko hapa, nenda nyumbani ukapumzike." Hatukwenda, tulilala palepale langoni, na kesho yake gazeti likaandika kwamba Kuldip ameuawa karibu na mfereji akijaribu kutoroka, akiwa na bastola, na kwamba polisi wamemchoma wenyewe kwa kuwa hakuna jamaa aliyejitokeza kuuchukua mwili. Haki ya Mungu, sisi tulikuwa langoni. Mama alikuwa na kilemba mkononi.

Majivu hatukupewa, kwa hiyo Mama alikataa sala ya mwisho isomwe, akasema siwezi kumuaga mtoto ambaye sijui yuko wapi. Akarudi na kilemba. Sasa amezeeka, anaishi kwangu, na kila Jumapili anakifua, kikikauka ananiita. Kilemba ni kirefu, mtu mmoja hakiwezi, lazima mmoja ashike ncha hii na mwingine ncha ile, mvute mpaka kinyooke ndipo kikunjwe. Kisumu ilikuwa kazi ya Mama kumshikia Kuldip kila asubuhi kabla ya shule. Sasa mimi ndiye ninayemshikia yeye.

Sasa sikia. Yule mkubwa wa polisi alistaafu akaingia siasa, leo ni mjumbe wa bunge la jimbo kule na anatafuta uwaziri, anazunguka kwa Wahindi walio nje kuomba msaada, na kila akihutubia anasema yeye ndiye aliyeleta amani. Jumuiya yetu ya Waasia wa Afrika Mashariki imemwandalia karamu kwenye ukumbi wa harusi. Mwenyekiti wetu, mzee Chhotubhai, mtu wa Jinja, mtu mwema tu, akaja nyumbani na boksi la tamutamu za barfi kutupongeza, ati Mama amepata heshima, ndiye atakayemvika mgeni saropa, kile kitambaa cha rangi ya chungwa tunachomwekea mtu mabegani kumtukuza. Akasema hata kamati haikuwaza hivyo, wasaidizi wa mgeni ndio waliomtaja Mama kwa jina, wamesikia kuna bibi mkubwa kutoka Kisumu. Mzee wa watu hajui kitu, maana habari za Kuldip hatujawahi kuzitoa nje. Mimi nikafungua mdomo nikatae, Mama akaniwahi. Akasema, "Nitakuja."

Tulipofunga mlango wa jikoni nikamwambia, "Mama, una akili kweli? Unamjua ni nani?"

"Namjua kuliko wewe," akasema. "Nataka nimfikie karibu. Nikimwekea kile kitambaa nitamuuliza sikioni, majivu ya mwanangu uliyaweka wapi? Nimezeeka, mwanangu. Sina swali lingine."

Mume wangu, Charanjit, anasema Mama avike, anyamaze, apigwe picha, turudi nyumbani. Anasema tukileta vurugu tutanyimwa viza, na kaka yake ana kesi ya ardhi kule, na anasema yaliyopita si ndwele. Binti yangu anasema, "Mum, just tell them no," kama vile ni kukataa mwaliko wa birthday. Na yuko Sukhjinder kule Punjab, mtoto wa Kuldip, aliyezaliwa baba yake ameshakufa, sasa ni mtu mzima na amehangaika na mawakili tangu ndevu zake zianze kuota, na mwaka huu hatimaye mahakama imekubali kuisikiliza kesi ya baba yake dhidi ya yule mkubwa. Yeye sijamwambia. Nitamwambia vipi kwamba bibi yake anakwenda kumvika heshima mtu huyo?

Nikimzuia Mama nitakuwa nimemnyang'anya swali alilolibeba miaka yote hii. Nikimwacha, naogopa atafika mbele ya yule mtu sauti imkatike, abaki ameshika kitambaa, na yule bwana amwinamie kwa adabu zake zile zile aseme mleteeni mama chai. Sitaweza kuiona chai ile mara ya pili. Naomba uniambie nifanye nini.

Dada wa Kuldip, Handsworth

*

Bi Maisara anajibu:

Dada wa Kuldip, pole, na si ile pole ya kupishana njiani. Mimi mbali na kujibu barua zenu ni muosha maiti. Akifariki mwanamke wa Kiislamu hapa mtaani Nechells au kule Stechford naitwa mimi, na nimewaona watu wakilia vilio vya kila namna, lakini wote walikuwa na maiti ya kulilia. Mama yako hata hiyo hakupewa. Nimeisoma barua yako nikaiweka chini nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu, maana nilikuwa nalia na mjukuu wangu ananiangalia.

Sasa nimeshalia, ngoja nikugombeze. Ala! Yaani wewe umeandika jambo kubwa kuliko yote halafu ukalipita kama unavyopita kituo cha basi kisichokuhusu? Rudi uisome barua yako mwenyewe. Nani aliyemchagua mama yako? Si kamati. Umesema kwa kalamu yako kuwa wasaidizi wa mgeni wamemtaja kwa jina. Birmingham hii ina mabibi wangapi wenye mvi na staha, kutoka Kisumu, Nakuru, Kampala, kila pembe? Kwa nini huyu? Na kwa nini mwaka huu, ambao mahkama imekubali kuisikiliza kesi?

Mwanangu, hao hawatafuti bibi wa kuvika kitambaa. Wanatafuta picha. Mama wa Kuldip kanyoosha mikono, kitambaa kiko mabegani mwa bwana mkubwa, ukumbi unapiga makofi, na siku ya kesi wakili wake anasimama na picha hiyo na kusema, waheshimiwa, mama mzazi wa marehemu hana kinyongo na mteja wangu, huyu kijana anataka nini? Mimi sijui yaliyomo vifuani mwa watu, na hukumu ni ya mahkama, si ya Maisara, huenda nimekosea. Lakini mtu mwenye kesi akianza kumtafuta shahidi ili amkumbatie, mwenye akili hukaa macho.

Maana mama yako ni shahidi, hilo nyote mmelisahau. Mnamwona mzee mwenye uchungu, wa kuzuiwa au wa kuachiwa. Polisi walisema hakuna jamaa aliyejitokeza, naye alikuwa langoni kashika kilemba. Mengine yote watabishana mpaka kiyama, bastola, mfereji, nani alifyatua kwanza. Hili moja watalibishaje, na mwenyewe aliyekuwepo yuko hai? Na wewe je? Wewe hukuwepo langoni? Umeniandikia barua ndefu kama vile shahidi ni mtu mwingine, na chai uliinywa au hukuinywa, lakini uliiona ikiletwa. Acha kujificha nyuma ya mama yako.

Usimzuie. Mama hazuiwi, mama huambiwa. Funga huo mlango wenu wa jikoni umweleze habari ya picha, kisha unyamaze, aamue yeye. Mwambie kwamba swali la sikioni, kwenye spika zinazopiga muziki wa karamu, halitajibiwa. Huyo bwana atatabasamu, na picha itaonesha bibi anamnong'oneza mgeni wake kwa mapenzi. Swali la majivu liulizwe mahali ambapo aliyeulizwa analazimika kufungua mdomo na maneno yake yakaandikwa. Mwanamke aliyekataa kumsomea mwanawe sala kwa sababu ya majivu sidhani kama atawapa hao picha ya bure.

Sukhjinder mpigie leo. Leo, si kesho. Ati unaogopa kumvunja moyo! Mtoto kapigania jina la baba ambaye hakuwahi kumwona hata sura, na shangazi yake anamficha habari ambayo wakili wake angeitaka kuliko dhahabu? Amwulize wakili huyo maneno ya bibi yachukuliwe vipi kutoka huku, nanyi mtafute mwanasheria hapahapa mjini aje nyumbani, mama aape, aseme, atie saini, na wewe baada yake. Fanyeni wakati bado anaikumbuka rangi ya mfuko ule. Na kabla hamjasema lolote hadharani, muulizeni kijana kama yeye yuko salama huko aliko, kwa sababu nyinyi mko Handsworth na yeye yuko kwenye mikono ya wenyewe.

Mwenyekiti mwendee kwa miguu yako, na baadaye mpe kwa maandishi, kwamba mama wa Kuldip hatabeba kitambaa, na jina wala sura yake isitumiwe. Mweleze na sababu. Mtu wa Jinja huyo, wa umri huo, aliyefukuzwa kwao na Waasia wenzake na sanduku moja huku askari wakimpekua mkewe, hahitaji kufundishwa lango la askari likoje. Akiivunja karamu, ni heri yake. Asipoivunja, angalau ajue anamvika nani. Na wale watakaokwenda, mwenye swali asimame aulize. Bwana huyo amekuja kuomba sifa kwa aliyoyafanya miaka ile, basi aulizwe aliyoyafanya miaka ile. Anayetaka kura lazima atoe maelezo, na kumuuliza si utovu wa adabu.

Mumeo asikuvuruge. Hofu ya viza siidharau, kila mtu ana wazee wake na makaburi yake huko alikotoka. Lakini mwambie hiyo methali ni ya majirani waliogombana kwa sababu ya mbuzi, si ya mtu aliyechukuliwa nyumbani kwake na maji kichwani. Ndwele yenu haijapita. Inafuliwa kila Jumapili na yeye anaiona kwenye kamba.

Kuhusu sala, mimi dini yenu siijui kama ninavyoijua yangu. Kwetu iko sala ya maiti aliye mbali, anasaliwa bila ya mwili kuwepo. Nimemuuliza jirani yangu mmoja, Kalasinga mwenzenu, akaniambia hata kwenu wazee wanaweza kukaa wakaamua, na akaniambia jambo jingine ambalo limeninyima usingizi. Anasema kwenu baba akifa, siku ya sala hiyo mtoto wa kiume hufungwa kilemba mbele ya watu, ndipo anakuwa mwenye nyumba. Kumbe Sukhjinder hajafungwa kilemba hicho. Amekua, ameota ndevu, amewashitaki wakubwa, na bado anangoja.

Kwa hiyo siku ya hiyo karamu msikae mkitazama saa. Toeni kilemba cha buluu, hata kama si Jumapili. Mpigie kijana kwa simu ya picha, aisimamishe mezani awaone, maana hajawahi kuwaona mkifanya kazi hiyo. Mama ashike ncha yake, wewe yako, mkinyooshe, mkikunje, mkifungashe vizuri, na Jumatatu kitumwe kwa Sukhjinder mwenyewe, siku ya kesi aingie mahkamani amekifunga, na huyo bwana mwenye adabu akione. Kwa mara ya kwanza tangu lango lile mtakuwa mnamkunjia mtu atakayekivaa. Mama yako atalia, na wewe utalia. Lieni, lakini ncha usiiachie.