Siku Tatu Kabla ya Kliniki

Mama yangu uliyelala Chaka,

Leo nimetoka kliniki ya sukari hapa mjini Nyeri, ileile niliyokuwa nikikupeleka kila mwezi. Safari hii kadi ilikuwa na jina langu. Ndiyo, mama, nami nina sukari, mwaka wa pili sasa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukijiandaa? Mwezi mzima ulikuwa mtu wa viazi na chai iliyochemshwa na sukari ndani ya sufuria, vidonge vimesahaulika juu ya kabati. Zikibaki siku tatu, unakuwa mtakatifu. Mboga ya sukuma, maji, vidonge kwa wakati. Nesi anakudunga kidole, anatabasamu kama kwa bibi yake, "Shosho, wewe ni mfano." Nawe unainamisha kichwa kama msichana aliyepewa zawadi shuleni.

Kisha tunashuka hadi ile hoteli karibu na stendi, unaagiza chai na mandazi mawili. Siku moja nilikuuliza kwa nini humwambii ukweli. Ukasema, "Nyamaza, maitu. Huyo msichana ako na wagonjwa wengi wa kumsumbua. Wacha mimi nimfurahishe." Uliniita maitu, mama yako, kwa sababu nina jina lake, na ukiniita hivyo sikuwa na la kubisha.

Lakini si heshima tu iliyoniziba mdomo. Niliipenda ile chai. Ndugu zangu walikupata Krismasi, wote kwa pamoja. Mimi nilikupata kila mwezi, peke yangu, ukicheka na makombo ya mandazi kwenye kidevu. Niliogopa kuipoteza saa hiyo moja. Hiyo ndiyo kweli, na inaniuma.

Kikaja kidonda. Gambuti, lile buti lako la mpira, lilikukwaruza ukivuna viazi, nawe ukavaa soksi mbili ili nesi asione. Nilikuona ukizivaa. Mguu ulikatwa chini ya goti, na kabla viazi vingine havijachanua tulikuzika. Watu wakasema Mungu amependa. Mimi nilijua Mungu amesingiziwa.

Juzi, nyumbani Skuta, nilisukuma ugali kando nikabaki na sukuma tupu. Nyambura wangu, yule mwenye jina lako, akaangalia sahani, akauliza, "Mum, kliniki ni lini?" Ana miaka tisa tu, na hakuwa akinitania. Nilitoka nje nikalia kando ya kamba ya nguo. Kisha nikarudi nikala vile ninavyokula kila siku.

Nesi ni yuleyule, sasa anavaa miwani. Leo aliposoma mashine, tabasamu lilipotea usoni mwake. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo yangu ya kila siku. Huwa najinyima siku tatu ndio unisifu. Na dawa ya jioni huwa nasahau nikishona." Hakunigombeza. Aliweka kalamu chini, akavuta kiti, akaniuliza ninakula nini, saa ngapi, nani hupika, ni nini kinanishinda. Tulikaa muda mrefu. Miaka yote ile, mama, hakuwahi kukuuliza hayo, kwa sababu mimi na wewe hatukumpa sababu.

Nyambura akitoka shule nitamsomea nambari yangu ya sukari, mbaya vile ilivyo. Yeye pia namwita mama. Yale niliyoogopa kukuambia kwenye meza ya ile hoteli, nitamwambia yeye.

Pumzika sasa.

Ni mimi, mtoto wako uliyemwita mama.