Asali ya Baba Imeganda

Nachingwea, Jumatano. Baridi ya Julai imenifanya nifundishe na sweta mchana kutwa, lakini jioni hii moyo wangu ni mwepesi. Kwa siku kumi na moja nimebeba jambo ambalo sikumwambia mtu.

Nilimshuku baba yangu kuwa tapeli.

Baba ana mizinga yake Mbwemkuru, kule Ruangwa. Mwezi wa tano alinitumia dumu la asali, nikaijaza kwenye chupa na kuwauzia walimu wenzangu. Waliipenda. Kisha baridi ikaingia, na Mwalimu Sijaona wa Jiografia akanirudishia chupa yake mbele ya ofisi nzima. Nusu ya chini ilikuwa nyeupe, ngumu, ya chengachenga. "Sukari ya dukani tunajua kununua wenyewe," alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma.

Sikumtetea baba. Nilimpigia simu nikamuuliza asali amechanganya na nini.

"Na nyuki, mwanangu," alijibu. Akaniaga kwa adabu kama ninavyoagwa na wageni, na tangu siku hiyo hakupiga.

Jana nilikuwa na kidato cha pili kwenye kipindi cha Kemia. Tuliyeyusha shabu, ile chumvi ya kusafishia maji, kwenye maji ya moto, kijiko baada ya kijiko, hadi ikagoma na kutulia chini. Nikawaambia maji yameshiba. Tulimimina yale ya juu kwenye glasi safi, tukayafunika. Leo tumekuta chembe zinazong'aa zimejishika chini ya glasi. Nikaanza kueleza kwa sauti yangu ya ualimu: maji ya moto hubeba kingi, yakipoa hubwaga yasichoweza kubeba. Hakuna mtu aliyekuja usiku kuongeza kitu...

Nikaikumbuka chupa ya Sijaona.

Miaka tisa nafundisha mada hii. Asali ni sukari ya maua iliyojazana kwenye maji kidogo, kupita yanavyoweza kuibeba, na baridi ikija, sehemu yake hujitenga na kuganda. Jibu lilikuwa kwenye notisi zangu mwenyewe.

Wakati wa mapumziko niliiweka chupa ya Sijaona kwenye sufuria ya maji ya uvuguvugu, nikawa nayabadilisha kila yalipopoa. Kengele ya kutoka ilipogongwa, asali ilikuwa imerudi rangi ya chai isiyo na maziwa, haina hata punje. Sijaona aliitia kwenye mkoba wake. "Mwambie mzee anisamehe," akasema.

Nimempigia baba. Nimecheka, nimelia kidogo, nimemweleza habari zote za shabu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hata ya bibi yako ilikuwa inaganda kila baridi," akasema. "Ungeniuliza."

"Nilikuuliza, baba."

"Uliuliza kama polisi."

Kisha akacheka, na mimi nikapumua.

Dumu jingine liko tayari. Jumamosi nalifuata mwenyewe, na njia nzima nitakuwa na swali moja: iweje nimwamini Sijaona kwa chupa moja, nisimwamini baba kwa miaka thelathini na nne?