Pale Ulipokuwa Ukikata Kushoto

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nisipokuambia wewe nitamwambia nani?

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwatembeza wageni hapa machimboni, Uhuru ulipokuwa bado mchanga? Wanafunzi wa Korogwe, mabwana wa serikali, wote kwa miguu. Ulitangulia na fimbo yako, mimi nyuma nikiwa na maji, tukapita duka kuukuu la kampuni, ofisi ya mzungu, kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. Ulikuwa na maneno wewe! Wageni walicheka hadi wakasahau jua. Lakini tukifika uwanda ule nyuma ya kinu ulinyamaza, ukakata kushoto, nao wakakufuata. Mimi tu uliniambia kwamba chini yake kuna shimo refu, lililofunikwa kwa magogo na udongo baada ya kuwameza watu wawili. Wazee walishakataza: mahali palipomeza watu hapatajwi mbele ya mgeni.

Sasa nimekutia aibu, baba. Amri ya kuhamia vijijini ilipofika, mwenyekiti wa kijiji aliniomba nimtembeze bwana mpima viwanja kutoka Handeni mjini, maana mimi ndiye ninayejua njia zako. Nilijivuna, nisikufiche. Pale uwandani nikanyamaza kama ulivyonifunza, nikakata kushoto. Yeye hakukata. Alisimama, akasema pamenyooka vizuri, akapigilia vigingi. Nami kimya. Mjinga mimi!

Kiwanja hicho akapewa Mama Zaina, jirani yangu, na watoto wake watano. Nilimwendea mwenyekiti nikamweleza habari za shimo, akaniuliza kwa upole: "Dada, unapinga Ujamaa?" Nikaogopa. Mtu akishasemwa hivyo, hata salamu zake huitikiwa nusunusu.

Basi nikafanya ujanja. Nikaomba tubadilishane, mimi nichukue cha uwandani, Mama Zaina achukue changu karibu na kisima. Alinikumbatia akalia. Nikajisemea, nitasingizia ugonjwa, sitajenga, pataota majani.

Nilisahau kwamba siku hizi mtu hajijengei. Mwenyekiti amenisifu mkutanoni, eti mimi ni mfano, na kesho asubuhi kijiji kizima kinakuja kunijengea, na majembe na nguzo zao, Mama Zaina mbele kwa shukrani. Wote juu ya magogo yaliyooza.

Naogopa, baba, naogopa kweli. Unisamehe, maana kesho nitapataja mahali pale mbele ya kila mtu, mgeni na mwenyeji, na majina ya wale wawili nitayasema. Wakinipeleka wilayani, wanipeleke.

Na wasiponisikia, nitawaambia wasimame, nitangulie mimi kukanyaga.

Pumzika, kama kelele zangu zinakuruhusu.

Ni mimi, binti yako