Nilisema Nimemaliza Kitabu cha Tuzo, Nimeishia Ukurasa wa Thelathini na Moja

Mpendwa Bi Kuruthumu, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ijayo, maana nimejiingiza mwenyewe kwenye jambo na sasa kila nikifikiria pa kutokea naona ndiyo kwanza nazidi kuzama, na wa kumwambia hapa sina kwa sababu wote ninaowaamini ndio haohao niliowadanganya.

Mimi ni Divine Uwimana, fundi cherehani hapa Kibondo mjini, wazazi wangu walitoka Burundi wakiwa vijana na sasa sote ni raia, shule niliishia kidato cha pili baba alipofariki, lakini kusoma sikuacha, nasoma mpaka gazeti lililofungiwa maandazi. Mwaka juzi Mwalimu Ghati, ambaye ametokea Mara na anafundisha Kiswahili sekondari, alikuja nimpunguzie sketi akanikuta nimeinamia kitabu huku sindano imesimama, akacheka, akaniambia, “Fundi, wewe ni wetu,” na wiki hiyohiyo akaniingiza kwenye klabu yao ya kusoma vitabu. Tuko kumi na mmoja, walimu, wauguzi, Daktari Firdausi wa hospitali, na bwana shamba Obedi ambaye ndiye mwenyekiti, na katika hao kumi na mmoja asiye na cheti ni mimi peke yangu, ingawa hakuna aliyewahi kunionyesha hivyo, najionyesha mwenyewe.

Sasa utaratibu wetu ni huu, kila mwaka orodha ya tuzo ya riwaya ikitoka, Obedi anasimama anaisoma kwenye simu kama anasoma matokeo ya mtihani wa taifa, anataja vitabu sita vilivyofika fainali, ananyamaza kidogo, anataja mshindi, halafu anasema, “Basi, kitabu chetu tumekipata.” Vile vitano vingine hatuviulizii habari zake, ni kama havikuandikwa. Mshindi wa mwaka huu anaitwa Mizani ya Ukungu, tukaagiza nakala kutoka duka la vitabu la Kasulu, na mwenye duka akakosea akaweka ndani ya boksi na kitabu kimoja cha wale walioshindwa, kinaitwa Mama Kandida Hahami, hakuna aliyekitaka, Mwalimu Ghati akanipa akasema labda kitanifaa kukandamizia vitambaa visipeperuke.

Bi Kuruthumu, hicho cha mshindi nimekianza mara tatu. Kuna mzee amekaa chumbani anatazama ukuta wenye unyevunyevu, na unyevunyevu huo unaelezwa kurasa kumi na moja, nimezihesabu, na mimi kila nikifika ukurasa wa thelathini na moja macho yanajifumba yenyewe. Mama yangu haoni vizuri, kwa hiyo jioni huwa namsomea kwa sauti nikigeuza kwa Kirundi pale Kiswahili kinapompita, na siku nilipomsomea huo ukuta alisikiliza kwa adabu, halafu akaniuliza, “Mwana wanje, huyu mzee si apake chokaa?”

Halafu siku moja umeme ukakatika mchana, cherehani yangu ni ya umeme, nikakaa tu, mkono ukakiangukia kile kitabu cha kukandamizia vitambaa. Mama Kandida ni mjane, mashemeji wanataka kumtoa kwenye nyumba, na kila wanapokuja yeye anawapikia, anawashibisha, anawasindikiza mpaka barabarani, na kesho yake bado yupo. Umeme ulirudi sikusikia. Wateja waliita hodi sikuitika. Siku hizo nilikuwa nashona majoho ishirini na mawili ya kwaya moja ya Busunzu, nikawa nashona mstari mmoja nasoma ukurasa mmoja, na walipokuja kuyachukua kiongozi wao akavaa lake palepale, akainua mikono, akahangaika humo ndani, kisha tukasikia sauti, “Dada Divine, mbona hakuna pa kutokea?” Nilikuwa nimeishona shingo yote ikafungika. Wanakwaya walicheka mpaka wakakaa chini, mimi nikatamani ardhi inimeze, lakini usiku uleule nilikimaliza kitabu nikimsomea mama, naye akalia na kucheka na kuniambia, “Ego, ndiyo, rudia pale alipowapa ugali.”

Dhambi yenyewe ni hii. Siku mbili baadaye Mwalimu Ghati alipita dukani kwangu, akaona Mizani ya Ukungu iko juu ya meza, akaniuliza, “Umefika wapi?” na mimi, sijui ni shetani gani, nikasema, “Nimemaliza, Mwalimu.” Akauliza kikoje. Nikasema, “Kizito. Kinachimbua nafsi.” Bi Kuruthumu, maneno hayo yameandikwa nyuma ya kitabu, juu kidogo ya picha ya mwandishi. Akanikumbatia, akatoa simu, akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba Divine amemaliza wa kwanza, Obedi akatuma mikono ya kupiga makofi, na kabla sijarudi kwenye kiti nimeshachaguliwa kufungua mjadala Jumamosi ijayo, na Jumamosi hiyo wanakuja wenzetu wa klabu ya Kasulu, watu kumi na wanne, na Mwalimu Ghati ameshawaambia kwamba kuna fundi cherehani hapa anasoma kuliko walimu.

Nimewaza nitafute muhtasari kwenye mtandao nikariri. Nimewaza nijifanye naumwa. Nimewaza niende kwa dada yangu aliyeko Kasanda nikae huko mpaka Jumapili. Na kinachoniuma zaidi ya yote ni hiki, waamuzi watano wasomi wamekaa wakasema hicho ndicho kitabu bora cha mwaka, mimi nimesinzia, na kile walichokiacha ndicho kilichonifanya nishone shingo ya mtu, je, Bi Kuruthumu, si dalili kwamba kichwa changu ni cha kidato cha pili na kitabaki hapohapo? Nifanyeje?

Divine, Kibondo

*

Jumamosi yako isingelisubiri gazeti, Divine, kwa hiyo jibu hili nilikutumia kwanza kwa simu. Wasomaji wetu nao walisome kama nilivyoliandika.

Mwanangu, pole, na kiongozi wa kwaya umwombe radhi tena kwa niaba yangu, maana nami nimecheka.

Sasa nikugombeze. Kusinzia si kosa. Watu wamesinzia kanisani, msikitini na bungeni, na dunia ipo. Kosa lako ni neno moja, “nimemaliza,” na la pili ni kuiba maneno ya nyuma ya kitabu ukayauza kama yako kwa mtu aliyekufungulia mlango. Mwalimu Ghati hakukuuliza ili akupime. Alitaka mtu wa kuzungumza naye. Wewe ukampa jalada tupu.

Kuhusu kichwa chako, hebu nikuambie kitu. Niliwahi kuwa mwamuzi wa shindano la insha za shule, miaka hiyo nafundisha. Tulikuwa watatu chumbani. Insha niliyoipenda mimi ilishika nafasi ya tatu, na niliipigania mpaka chai ikapoa. Mwenzangu mmoja aliipenda ya kwanza, mwingine hakuipenda hata moja, alikuwa na haraka ya kuondoka. Hakuna aliyekuwa mjinga mle ndani. Tulikuwa watu watatu wenye masikio matatu tofauti, na tangazo likabandikwa ukutani kana kwamba limeshuka kutoka mbinguni. Orodha za tuzo ndivyo zinavyotengenezwa. Watu wamekusomea rundo kubwa, wakakuchagulia vichache vyenye uzito, na hiyo ni kazi ya kushukuriwa sana. Lakini wamekuletea vitabu sita mezani. Nani aliwaambia mle kimoja?

Mwenyekiti wenu Obedi anafanya kazi nusu. Orodha isomwe yote. Chukueni kila kitabu, hata kama ni nakala moja ya kuazimana, mtu mmoja asome kurasa mbili za kwanza kwa sauti mbele ya wote, ndipo mchague. Sikio halidanganyi kama jicho. Mama yako hajui nani ni mshindi wala nani ameshindwa, ndiyo maana anajua anachokisikia.

Ila na wewe usije ukageuka mtu wa kudharau washindi. Kitabu kilichokushinda peke yako huenda hakitakushinda ukiwa na mwenzako. Ukuta wa mzee yule usiuhukumu bado. Mwulize aliyeupenda.

Fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu. Alhamisi, Mwalimu akitoka darasani, mfuate kwa miguu yako. Usimwandikie WhatsApp. Mwambie, “Nilikudanganya, nimeishia ukurasa wa thelathini na moja.” Usitaje majoho, usitaje umeme, usitaje mama. Sema hilo tu, unyamaze, umwache aseme analotaka. Jumamosi simama mbele ya wa Kibondo na wa Kasulu useme hilohilo, kisha ufungue Mama Kandida uwasomee kurasa mbili. Muhtasari wa mtandaoni uache ulipo. Na dada yako wa Kasanda utamtembelea sikukuu, ukiwa na amani.

*

Divine aliniandikia tena, na kwa ruhusa yake nayaweka maneno yake hapa.

“Bi Kuruthumu, nilikwenda Alhamisi. Nilitegemea Mwalimu Ghati atacheka aniambie na yeye alisinzia, maana ndivyo nilivyokuwa nikijifariji njia nzima. Hakucheka. Yeye kitabu alikisoma chote na alikipenda mno. Alifuta chaki mikononi, akasema, ‘Divine, nimekutaja kwa watu. Nilifurahi sana siku ile. Nilidhani nimepata wa kuongea naye.’ Nikalia. Yeye hakulia. Akasema, ‘Jumamosi utaongea mwenyewe, mimi sitakusemea,’ akachukua madaftari yake akaondoka. Usiku huo sikupata usingizi, na huo ndio usiku wa kwanza kitabu kile kunishinda nikiwa macho.

“Jumamosi nilisimama. Nikasema, ‘Mimi ndiye mnayeambiwa nilimaliza wa kwanza. Sikumaliza. Nimeishia ukurasa wa thelathini na moja, na yale maneno niliyoyasema kwa Mwalimu niliyatoa nyuma ya kitabu.’ Obedi akasema, ‘Sasa hii ni aibu ya klabu,’ na mimi nikatafuta mlango kwa macho. Ndipo Daktari Firdausi akanyoosha mkono, akasema, ‘Mwenyekiti, mimi niko ukurasa wa kumi na tisa tangu mwezi uliopita, niandike na mimi.’ Mzee mmoja wa Kasulu, Mzee Twalibu, fundi saa mstaafu, akauliza kwa upole, ‘Na mwenyekiti mwenyewe yuko wapi?’ Obedi akakiri. Alikuwa amesoma makala tatu kuhusu kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa bado kwenye nailoni yake.

“Hakuna aliyemcheka kwa ubaya, Bi Kuruthumu, maana kicheko chetu kilikuwa cha watu waliovua viatu vinavyobana. Nikawasomea Mama Kandida kurasa mbili, zikawa nne, zikawa saba. Mzee Twalibu alifuta machozi kwa kofia yake. Nilipokaa, Mwalimu Ghati akainuka bila kuombwa, akachukua Mizani ya Ukungu, akasema, ‘Na mimi nina haki ya kuwasomea kitabu changu.’ Akasoma ule ukuta. Akausoma taratibu, kwa sauti ya chini, na alipofika katikati nikaelewa kwamba yule mzee anamsubiri mwanawe, ana miaka tisa anasubiri, na katika chumba kile kitu pekee kinachobadilika ni ule unyevunyevu, basi anautazama ili ajue kwamba siku zinakwenda. Mara tatu nilipita juu ya jambo hilo nisilione. Nilimtazama Mwalimu, naye akanitazama, na nikajua tumepatana kabla hajafunga kitabu.

“Tumekubaliana orodha ya mwakani tuisome yote kwa sauti, klabu zote mbili, na Obedi ndiye atakayekusanya vitabu, maana orodha bado anaijua kuliko sisi sote na kazi hiyo imemrudishia heshima yake. Mimi sasa niko ukurasa wa mia na nne. Siwezi kusema nakipenda, ila nataka kujua kama yule kijana atarudi, na Mwalimu ninapomuuliza anakataa kuniambia, anapita dukani kunitazama ninavyoteseka, anakaa kwenye benchi la wateja tunabishana mpaka jua linazama.

“Swali langu la mwisho ni hili. Wa Kasulu wameniomba niwe msomaji wa kurasa za kwanza siku ya orodha hiyo ya mwakani, vitabu vyote sita, kwenye ukumbi wao, mbele ya watu labda hamsini. Kiswahili changu kina Kirundi ndani, na wao wanajua. Nikubali?”

Wakubalie leo, Divine, kabla hawajamwomba mtu mwingine. Wamekusikia ukisoma kurasa saba na Kirundi chako ndani, na bado wamekuita. Siku hiyo fika mapema uutazame ukumbi, weka maji karibu, usianze mpaka wa nyuma kabisa wamekaa. Vitabu vyote sita vipe sauti ileile, kile unachokipenda na kile usichokipenda, wasije wakajua upande wako kabla hawajachagua wao. Na watu wakicheka, usikimbilie sentensi inayofuata. Waache wamalize.